Elfu Tatu Mia Moja na Nane

Kila Jumamosi nalipwa elfu kumi
ili gari lisiende.

Nafungua banda la Bi Somoe, hapa Shangani,
navua khanga tatu zilizoshonwa ubavu kwa ubavu,
nabana waya za betri, naliwasha,
nalisikiliza likinguruma dakika kumi na tano
likitazama ukuta.
Kisha nazima. Nafunika. Natia saini daftarini.

Ni la milango miwili, manjano ya bibo lililoiva,
chini kiasi kwamba ukikaa, magoti yanakusalimia.
Marehemu Mchopa alilinunua mwaka korosho ilipopanda,
mwaka watu walionunua makochi kabla ya sebule.
Likaenda Mikindani, likaenda Naliendele, mara moja Lindi,
halafu moyo wa Mchopa ukasimama
nalo likasimama.
Elfu tatu mia moja na nane: namba hiyo
naijua kuliko ya simu ya mke wangu.

Mwezi wa sita alikuja mnunuzi kutoka Dar,
ana kurunzi, ana sumaku aliyoifunga kwa kitambaa,
akalala chini na suruali yake safi
akapapasa tumbo la gari kama daktari anayetafuta uvimbe.
"Mama," akasema, "mimi sinunui gari. Nanunua hiyo namba.
Kila kilomita utakayoongeza, unaitoa mfukoni mwako."
Akaahidi kurudi msimu ukiisha.

Bi Somoe akanigeukia. "Na wewe, fundi?"

Ningesema nini?
Kwamba kioo cha taa kikivunjika
Kariakoo nzima hawana, nimeshauliza?
Kwamba barabara ya bandarini, malori yakianza,
haina adabu kwa gari fupi?
Hayo ni kweli. Na hili pia ni kweli:
matairi yale hayajaonja joto la lami miaka kumi na moja
na yamepasuka kama visigino.
Mpira haujui kwamba umetunzwa.
Sili za injini zinakauka kwa kukosa kazi.
Na chumvi ya Shangani haisubiri mtu atoke;
inapita chini ya mlango,
inakaa kwenye bawaba, inakula.
Lipo na la tatu, nikalimeza:
viganja vyangu vilikuwa vinawasha.

Yeye keshaingia ndani.
Akarudi na vikombe vya kabatini, vile vyenye ua la dhahabu,
zawadi ya harusi, ambavyo mimi nilivijua kupitia kioo tu.
"Vilikuwa sita," akasema, akimimina chai ya mchaichai.
"Hakuna aliyevigusa. Vimebaki vinne.
Nieleze, fundi, hiyo ni hesabu gani?"

Jumapili, alfajiri, kabla ya malori.
Matairi nimeazima, mafuta nimebadili.
Yeye kiti cha abiria, mkoba mapajani,
kiganja kimoja juu ya dashibodi kama anayepima homa.
"Polepole."
Tukaenda polepole.
"Polepole, nimesema."
Nilikuwa naenda mwendo wa baiskeli.
Karibu na mteremko wa Mikindani akauliza,
"Mchopa alikuwa anaendesha hivi?"
"Sijui, Mama. Hakuwahi kunipakia."
Akanyamaza. Akashusha kioo.
"Basi hakuwa hivi. Ongeza."

Sitaeleza mlio ule.
Tuliusikia sisi wawili, na mbuzi wa watu.

Tuliporudi akainama kwenye mita,
akasoma kwa sauti: elfu tatu mia moja na thelathini.
Akaandika kwenye kalenda, chini ya tarehe,
asiseme kama ni hasara.
Mnunuzi hajapiga simu. Msimu haujaisha.
Nami usiku huwa nawaza zile ishirini na mbili:
nimemla mjane, au nimemlisha?

Jumamosi iliyofuata nilikuta khanga zimefumuliwa.
Mbili ziko kambani, zinachuruzika maji ya sabuni.
Ya tatu ameivaa.
Imepauka yote kwa miaka ile, isipokuwa ukingoni,
pale mshono ulipokuwa:
mstari mmoja, mwembamba,
rangi bado mbichi.